Montenegro na Matbaa ya Akina Crnojević

Montenegro iko kusini mashariki mwa Ulaya, kando ya bahari ya Adria. Eneo lake ni kilomita za mraba 13,800 hivi, karibu sawa na mkoa wetu wa Kilimanjaro, na wakazi hawafiki 700,000. Ilijitenga na Serbia mwaka 2006. Mji mkuu ni Podgorica. Takwimu nyingine zimebaki daftarini, kwani nilipopanda hadi mji wa Cetinje hamu nazo iliniisha.

Huko ndiko walikotawala akina Crnojević. Stefan, aliyeunyanyua ukoo katikati ya karne ya 15, aliegemea Venice na akamwoa Mara, dada yake Skanderbeg wa Albania. Mwanawe Ivan alirithi mwaka 1465, Waturuki wakampokonya ngome ya Žabljak, akakimbilia Italia. Sultani Mehmed wa Pili alipofariki mwaka 1481, Ivan akarudi, na mwaka uliofuata akahamia Cetinje, juu kabisa, milima ya mawe pande zote. Hapo akajenga monasteri.

Kisha akaja mwanawe Đurađ, mwaka 1490. Adui yuko mlangoni, nchi ni mawe matupu, naye anaanzisha matbaa! Mtawa Makarije aliisimamia kazi, na Januari 1494 kikakamilika Oktoih, kitabu cha nyimbo za ibada kwa herufi za Kisirili, wino mweusi na mwekundu, herufi za mwanzo zikiwa na mapambo ya Kiitaliano. Kumbuka kwamba Uingereza nayo ilipata matbaa mwaka 1476 tu. Zaburi ikafuata mwaka 1495.

Nasi tulikuwa na matbaa Unguja, aliyoianzisha Sultani Barghash katika karne ya 19. Ni wangapi kati yetu wamewahi kutia machoni hata kitabu kimoja kilichotoka humo? Hodari wa kuhutubia juu ya utamaduni, karatasi zenyewe tunawaachia mchwa.

Mwaka 1496 Waturuki walimlazimisha Đurađ kuondoka, akaenda Venice, alikotoka mkewe, Elisabetta Erizzo. Lakini ukoo haukuishia hapo. Mdogo wake Staniša, ambaye baba yao alimpeleka kwa Sultani awe rehani, alisilimu, akaitwa Skender-beg, na kuanzia 1514 akaitawala nchi hiyo hiyo kwa niaba ya Waturuki.

Ama biashara ya Montenegro ya leo: bandari kuu ni Bar, na fedha inayotumika ni yuro.