Nyumba Iliyobaki Katika Karatasi

Neno karatasi limetufikia kutoka katika Kiarabu, qirtas, nalo limo ndani ya Qur'ani Tukufu, katika Surat Al-An'am, aya ya 7, na kwa wingi wake katika aya ya 91. Si ajabu basi kwamba wazee wetu wengi hawakuwa wakikanyaga karatasi yenye maandishi. Waliiokota njiani wakaichomeka kwenye ufa wa ukuta, wasije wakawa wamelikanyaga jina la Mola bila ya kujua. Siku hizi karatasi tunafungia bajia, na daftari la mtoto likiisha muhula huishia jaani.

Wakati sisi tunaitupa, wako wasanii wanaoishika kama fundi wa Lamu anavyoushika mti wa kuchonga mlango. Peter Callesen wa Denmark huchukua ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida, akaukata na kuukunja mpaka umbo likasimama juu yake, na tundu lililobaki chini likawa mfano wa kivuli chake. Li Hongbo wa Uchina hugandisha maelfu ya kurasa pamoja, akazichonga zikafanana na jiwe jeupe. Ukivuta, jiwe linanyumbuka kama kinanda cha mkono. Ni mambo ya kustaajabisha. Hata hivyo, kwa wasomaji wa ukurasa huu, mimi ningependa tukae zaidi na mwanamke mmoja ambaye kazi zake hazistaajabishi upesi, bali humrudia mtu usiku akiwa amelala.

Bi Zarina Hashmi, aliyetumia jina la Zarina peke yake katika kazi zake, alizaliwa mwaka 1937 mjini Aligarh, India, katika nyumba ya Kiislamu iliyokuwa na mapenzi makubwa ya elimu. Baba yake alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh, na binti naye akasoma hapo hapo, akahitimu katika hisabati mwaka 1958. Alikuwa na miaka kumi tu Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, na hatimaye wazazi wake wakahamia Karachi. Yeye aliolewa na mwanadiplomasia, akaingia katika maisha ya kufunga na kufungua masanduku: Bangkok, Paris, Tokyo, na kuanzia mwaka 1976 New York, alikoishi miaka mingi. Alifariki London mwaka 2020. Nyumba ya Aligarh hakuirudia tena kuwa kwao.

Hapo ndipo karatasi inapoingia. Bi Zarina aliilinganisha na ngozi ya mwanadamu: hutobolewa, hupata madoa, hupumua, huzeeka. Mwaka 1977 alitengeneza mfululizo wa kurasa 20 ambazo hazina wino wala rangi. Alichukua sindano akazitoboa, tundu baada ya tundu, mpaka uso wa karatasi ukainuka vijipele vidogo vidogo vilivyojipanga kwa hesabu. Mwanamke wa pwani aliyepata kushona kofia ya vito ataielewa kazi hiyo kabla ya bingwa yeyote wa makumbusho. Anajua vidole vinavyouma, na anajua kuwa tundu moja likienda kombo safu nzima inaonekana.

Baadaye aliingia katika maumbo yenyewe. Alichukua nyuzi za karatasi zilizolowekwa na kupondwa zikawa rojo, akaitia rojo hiyo rangi za udongo mwekundu, za kutu na za masizi, akaimimina katika kalibu na kuiacha ikauke polepole. Kilichotoka humo kilikuwa kizito machoni na chepesi mkononi: vipande vinavyokumbusha ukuta, kona ya ua, ngazi, hodhi ya maji. Utotoni alizoea kuyaona majengo ya kale ya wafalme wa Kimughali, na jiwe lao jekundu limo katika rangi hizo. Katika New York aliwafundisha wanawake wenziwe kutengeneza karatasi kwa mikono, katika taasisi ya sanaa iliyoanzishwa na wanawake wenyewe.

Msomaji huenda akauliza: je, hizi si sanamu? Hukumu ya jambo hilo waulizwe mashekhe, si mwandishi wa makala. Ninachoweza kusema ni kwamba maumbo hayo ya rojo hayana jicho wala uso. Binti wa nyumbani kwetu Kenya, Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, yeye huchanganya rojo ya karatasi, udongo mwekundu na gundi ya mbao, akasimamisha maumbo ya wanawake. Malighafi yao yakaribiana sana, lakini njia zao zimeachana. Bi Zarina alishika mstari, pembe na nuru. Mwaka 2010 alitandika dhahabu ya karati 22 juu ya karatasi ya Kijapani, akaichana mianya mingi midogo, iangikwe kama pazia. Kazi hiyo inarejea kisa cha Nabii Musa, alipoomba kumwona Mola wake na mlima ukavunjikavunjika. Mwaka uliofuata ilikuwamo katika banda la India kwenye maonyesho makubwa ya Venice.

Lakini iliyonigusa kuliko zote haina dhahabu. Nduguye wa kike, Rani, aliyebaki Karachi, alikuwa akimwandikia barua kwa Kiurdu, barua za msiba na za upweke: kufiwa na wazazi, kuuzwa kwa nyumba, watoto kwenda zao. Aliziandika na asizitume. Pengine hakutaka kumtia simanzi mtu aliye mbali. Nani kati yetu mwenye ndugu Maskati au Jeddah asiyejua kusema kwenye simu kwamba huku wote ni wazima? Miaka ikapita, barua zikamfikia mwenyewe mkononi. Mwaka 2004 Bi Zarina alizipiga chapa katika kurasa nane, na juu ya maneno ya nduguye akaweka, kwa wino mweusi mzito, michoro ya nyumba na ramani za miji. Mahali pengine mwandiko unasomeka. Mahali pengine umefunikwa kabisa na ukuta.