Mwezi Mmoja, Muscat na Unguja

Usiku wa Septemba 7, 2025 mwezi ulipatwa wote. Mimi niliutazama ufukweni Qurum, Muscat, nimetoka zamu. Binti yangu wa miaka saba, anayelelewa na bibi yake Unguja, aliutazama uani. Saa tatu na nusu kwetu, saa mbili na nusu kwao, ulikuwa umeiva rangi ya shaba, na ukakaa hivyo dakika 82.

Simu zangu za nyumbani aghalabu ni za ada na dawa za presha. Ile haikuwa na hesabu.

"Mama, wa kwako pia mwekundu?"

Nikamwambia ni huo huo. Dunia imelikinga jua, na mwanga kidogo unaopenya hewa yetu pembezoni ndio unaoufikia mwezi, mwekundu kama wa magharibi.

"Basi nikiupungia mkono utaniona?"

Bibi akaniokoa kwa kuichukua simu. Jirani mjamzito amefungiwa ndani, je, ni sawa? Nikamjibu kama nesi: kupatwa kwa mwezi hakumdhuru mama wala mtoto, wala macho hayahitaji miwani kama wakati wa jua.

"Haya mwanangu, atoke. Ila kisu asishike." Akaenda kutawadha asali sala ya kupatwa.

Kupatwa kote kutakakoonekana tena Unguja na Muscat ni Desemba 31, 2028. Binti yangu atakuwa na miaka kumi. Mkataba wangu unakwisha Juni mwaka huo.