Mtoto wa pili baada ya upasuaji: Uliza karatasi kabla ya kuuliza jirani

WAHENGA walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini kwa mwanamke ambaye mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji baada ya kuhangaika siku nzima, mimba ya pili huja na uchungu mwingine usioonekana. Ni hofu ya kutojua safari hii itakuwaje. Mama mkwe anasema mwanamke hawezi kuzaa kwa kisu kila mara. Wifi anasema aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa daima. Mume anauliza itagharimu kiasi gani. Mwenye mimba ananyamaza.

Hali hii ni nzito zaidi kwa familia zilizorejea Burundi kutoka kambi za wakimbizi za Mkoa wa Kigoma, Tanzania. Tangu mpango wa kurejea kwa hiari ulipoanza mwaka 2017, zaidi ya watu laki moja wamevuka mpaka kurudi nyumbani kutoka Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, kambi ambayo ilifungwa mwaka 2021. Miongoni mwao wamo akina mama waliojifungua mtoto wa kwanza kule na wanaotarajia wa pili huku. Kovu wamekuja nalo, ila daktari aliyepasua yuko ng'ambo, na pengine maandishi yake yamebaki huko huko.

Wafanyabiashara wanaopita Kobero na Kabanga, au Mugina na Manyovu, nao wamo katika hali hiyo. Mama anaweza kuhudhuria kliniki upande mmoja, akauza bidhaa upande wa pili, na uchungu ukamkuta njiani.

Swali ni moja: ajaribu kujifungua kwa njia ya kawaida, au apange upasuaji mwingine? Wataalamu wa uzazi hawana jibu moja kwa wanawake wote. Wanachohitaji ni kujua mambo matatu: mfuko wa uzazi ulikatwa vipi, ulikatwa kwa sababu gani, na mama atakuwa umbali gani na chumba cha upasuaji siku ya uchungu.

Kanuni iliyopitwa na wakati

Wazo kwamba aliyepasuliwa mara moja lazima apasuliwe tena lina historia yake. Mwaka 1916 daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, aliandika maneno yenye maana hiyo, na yakaenea duniani kote. Wakati huo madaktari walikuwa wakikata mfuko wa uzazi kwa wima, sehemu ya juu yenye misuli minene. Kovu la namna hiyo ni dhaifu, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayojikaza kwa nguvu wakati wa uchungu.

Upasuaji wenyewe si jambo geni katika ukanda wetu. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia waganga wa Bunyoro, katika Uganda ya leo, wakimtoa mtoto kwa kisu. Mama alipewa pombe ya ndizi, na damu ikazuiwa kwa chuma cha moto. Siku 11 baadaye mama na mtoto walikuwa hai. Lakini katika upasuaji huo ngozi ndiyo iliyofungwa. Mfuko wa uzazi haukushonwa. Ushonaji makini wa mfuko wenyewe ulianza kuenea baada ya mwaka 1882, kutokana na kazi ya Max Sänger wa Ujerumani. Miaka ya 1920 Munro Kerr wa Glasgow aliupa nguvu mkato wa ulalo, sehemu ya chini ya mfuko, ambako misuli ni myembamba na haivutwi sana. Huo ndio mkato unaotumika zaidi leo, na ndio uliobadilisha ile kanuni ya 1916.

Kovu la ngozi halisemi kitu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mama anajitazama tumboni, anaona mshono wa ulalo karibu na nyonga, anaridhika kwamba alikatwa chini. Mwingine anaona mstari wa wima kuanzia kitovuni, anakata tamaa. Wote wawili hawajajua lolote bado. Ngozi inaweza kukatwa kwa wima na mfuko wa uzazi ukakatwa kwa ulalo, au kinyume chake. Aina ya mkato wa ndani inajulikana kwa maandishi ya aliyepasua.

Mama ambaye mfuko wake ulikatwa kwa wima sehemu ya juu, au ambaye mfuko uliwahi kupasuka, hatakiwi kungoja uchungu. Huyo hupangiwa upasuaji kabla ya uchungu kuanza. Mama aliyewahi kushonwa fistula naye hushauriwa kujifungua kwa upasuaji, ili kile kilichorekebishwa kisiharibike tena.

Nani anaweza kujaribu

Kwa mama mwenye kovu moja la ulalo sehemu ya chini, mtoto mmoja tumboni aliyetanguliza kichwa, na asiye na tatizo jingine, njia ya kawaida inawezekana. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kuwa kati ya wanawake 100 wanaojaribu, 72 hadi 75 hufanikiwa. Kwa mama aliyewahi kujifungua kwa njia ya kawaida, kabla au baada ya ule upasuaji, idadi hupanda hadi 85 au 90.

Sababu ya upasuaji wa kwanza nayo ina uzito. Ikiwa mtoto alitanguliza matako, au mapigo ya moyo wake yalishuka, sababu hiyo huenda isijirudie. Ikiwa uchungu ulikwama kwa sababu kichwa hakikupita kwenye nyonga, nafasi ya kufanikiwa hupungua, ingawa haifutiki, kwani ukubwa na mlalo wa mtoto hutofautiana kutoka mimba moja hadi nyingine. Kama ulikwama kwa saa nyingi, mwambie daktari hivyo bila kuona haya.

Hatari inayoogopwa ni kovu kuachia wakati wa uchungu. Kwa mkato wa chini, hilo hutokea kwa takriban mwanamke 1 kati ya 200. Wengine 199 hawapatwi nalo. Ila kwa yule mmoja, muda wa kumwokoa mtoto huhesabiwa kwa dakika, na mama mwenyewe anaweza kupoteza damu nyingi kwa haraka. Ndiyo maana hatari hii ndogo hubadilika sura kulingana na mahali. Katika hospitali yenye daktari, damu na chumba cha upasuaji, mara nyingi mama huokolewa, na mtoto pia. Nyumbani kwa mkunga wa jadi, kilomita 30 kutoka barabarani, mambo ni tofauti kabisa.

Upasuaji wa pili nao una bei yake

Wapo wanaosema, basi nipasuliwe tu, niepuke mashaka. Uamuzi huo ni halali, na upasuaji uliopangwa, kwa kawaida karibu na wiki ya 39, una usalama zaidi kuliko ule wa dharura unaofanyika baada ya uchungu kushindikana. Lakini usichaguliwe kwa kudhani hauna madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha nchi 22 za Afrika, ulionyesha kuwa takriban wanawake 5 kati ya kila 1,000 waliopasuliwa kujifungua walifariki, kiwango kilicho mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Kutokwa damu na matatizo ya ganzi vilitajwa miongoni mwa sababu.

Pia kuna hesabu ya watoto wanaofuata. Utafiti wa kitaifa wa Burundi wa 2016-2017 ulikuta wastani wa watoto 5.5 kwa kila mwanamke. Kila upasuaji huongeza makovu ndani ya tumbo na kuongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishika chini, juu ya kovu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kwa mama ambaye kondo limeziba njia, uwezekano wa kondo hilo kuzama ndani ya ukuta wa mfuko ulikuwa 11 kati ya 100 baada ya upasuaji mmoja, na 40 kati ya 100 baada ya upasuaji miwili. Tatizo hilo laweza kulazimu mfuko wote kuondolewa. Kwa hiyo wanandoa wanaopanga watoto wengi wana sababu ya kuizungumzia njia ya kawaida mapema, na wanaotaka wawili tu wana hesabu nyingine.

Umbali ni sehemu ya uamuzi

Mwezi Mei 2006 serikali ya Burundi iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma, upasuaji ukiwemo. Hatua hiyo ilipunguza mzigo wa ada, lakini haikuondoa milima wala mvua za masika. Kituo cha afya cha kata kina mkunga mzuri, ila hakina chumba cha upasuaji. Mama mwenye kovu anapaswa kujifungulia hospitali ya wilaya, hata kama anatarajia njia ya kawaida.

Mfano wa Kabezi, kusini mwa Bujumbura, unafundisha. Kuanzia mwaka 2006 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliendesha kituo cha dharura za uzazi huko, na magari ya wagonjwa yakiwafuata akina mama kwenye vituo vya afya vya vijijini. Watafiti walikadiria kwamba vifo vya uzazi katika eneo hilo vilipungua kwa takriban robo tatu. Gari lililofika kwa wakati lilikuwa sehemu ya tiba.

Familia isiyo na gari ifanye mpango wake. Kuanzia wiki ya 36 mama ahamie kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali, au aulize kama hospitali ina nyumba ya kungojea. Nauli itengwe mapema na mtu wa kutoa damu ajulikane. Mama mfanyabiashara asimamishe safari za mbali. Gunia la mchele litauzwa na mwingine mwezi huo.

Vidonge na mizizi

Katika masoko ya mpakani hupatikana vidonge vya kuongeza uchungu, na vijijini zipo dawa za miti zenye kazi hiyo hiyo. Kwa mama mwenye kovu, vyote hivi ni hatari kubwa. Misoprostoli, ambayo ni dawa muhimu ya kuzuia damu baada ya mtoto kutoka, haitakiwi kutumika kuanzisha uchungu kwa mwenye kovu. Inaweza kuukaza mfuko hadi ukapasuka. Anayekuletea kikombe cha mizizi kwa upendo, mshukuru, kisha kiweke kando.

Muda kati ya mimba nao ni kinga. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2005 kwamba mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Uzazi wa pili ukifuata ndani ya miezi 18, kovu huwa katika hatari zaidi ya kuachia. Aliyekwisha kupata mimba mapema asifiche. Awahi kliniki na kutaja tarehe.

Dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja ni hizi: maumivu yasiyokoma kati ya uchungu na uchungu, maumivu makali kwenye kovu, damu kutoka ukeni, uchungu kukatika ghafla, kizunguzungu, au mtoto kuacha kucheza.

Karatasi ivuke mpaka pamoja nawe

Kabla ya kuondoka kambini au mjini ulikojifungulia, nenda hospitali ukaombe maandishi ya upasuaji wako. Ni haki yako. Omba yaandikwe mambo manne: tarehe, sababu ya kupasuliwa, aina ya mkato wa mfuko wa uzazi, na kama kulikuwa na damu nyingi au mpasuko ulioongezeka. Hospitali za Tanzania huandika Kiingereza, za Burundi huandika Kifaransa. Kwa hiyo mwombe daktari achore pia picha ndogo ya mfuko na mstari wa mkato. Mchoro hauhitaji mkalimani.

Tunza karatasi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati ya kuvukia mpaka, na nakala au picha ya simu ibaki kwa mume au dada. Kama maandishi yamepotea, eleza kila unachokumbuka: ulikuwa na mimba ya miezi mingapi, mtoto alilala vipi, uchungu ulidumu saa ngapi, na kama uliambiwa usijaribu tena kuzaa kwa kawaida. Maneno hayo ya mwisho hasa yasisahauliwe.

Akina baba nao wana wajibu. Mwanamke aliyepitia uzazi mgumu hana deni la kuthibitisha kwamba ni mwanamke kamili. Aliyezaa kwa kisu amezaa. Mpeleke kliniki mapema, kaa naye mbele ya daktari, sikilizeni pamoja, kisha yeye ndiye aseme anataka nini, kwa kuwa mwili ni wake. Na uamuzi wowote atakaoufikia, siku ya uchungu akutwe karibu na hospitali, karatasi yake ikiwa mkononi.