Kumtafuta Mwimbaji Aliyesahauliwa: Somo la Uchunguzi katika Shule ya Msingi

Katika vijiji vingi vya Shinyanga na Geita, wazee humkumbuka mwimbaji fulani aliyevuta umati wote upande wake katika mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Lakini tukiuliza alizaliwa lini, alitoka wapi na nyimbo zake ziko wapi, majibu hugongana. Makala haya yaeleza jinsi mwalimu anavyoweza kuifanya shida hiyo kuwa somo la uchunguzi kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita.

Kwanza tufahamu kwa nini mwimbaji hupotea. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikuwa mtu wa ukoo fukara. Hata hivyo twamjua, kwa sababu sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Waimbaji wengi wa Usukuma hawakupata santuri wala mwandishi. Habari zao zimo vichwani mwa wazee, na kila msiba huondoka na sehemu yake.

1. Jina. Katika Kisukuma, "Ng'wana" maana yake ni "mtoto wa". Mwimbaji aitwaye Ng'wana Masanja ametajwa kwa jina la baba tu, na wana wa Masanja ni wengi. Basi wanafunzi waulize jina lake mwenyewe, kijiji chake na chama chake cha ngoma.

2. Mashahidi. Wachezaji wa Kisukuma wamegawanyika tangu zamani katika Bagika na Bagalu, ambao mapokeo husema walianzishwa na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Kila upande husifu wa kwao. Kwa hiyo wanafunzi wasikilize pande zote mbili. Sifa inayokubaliwa na mpinzani ina uzito zaidi.

3. Wakati. Wazee hupima miaka kwa matukio, na kipimo hicho kinafaa, mradi tukihakikishe. Mzee wa Geita akisema, "Aliimba mgodi ulipofunguliwa," aulizwe: mgodi upi? Wa zamani ulianza katika miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Ule mkubwa wa baadaye ulifunguliwa mwaka 2000. Tofauti ni zaidi ya miaka sitini! Vivyo hivyo, Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, husemwa kuwa alizaliwa wakati wa rupia. Rupia ilitumika Unguja hadi mwisho wa mwaka 1935; basi kauli hiyo peke yake yathibitisha tu kwamba alizaliwa kabla ya mwaka 1936.

4. Kumbukumbu. Mwalimu aulize katika Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa, Mwanza. Akumbuke pia kwamba Hugh Tracey alirekodi nyimbo nyingi za Tanganyika mwaka 1950, na kwamba Frank Gunderson alichapa mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma.

Darasani, ubao ugawanywe safu tatu: habari yenyewe; nani ameisema, na je, aliona au alisikia; na ni nini kinachoithibitisha. Safu ya tatu ikibaki tupu, iachwe tupu. Mwanafunzi anayeandika "bado hatujui" apewe alama sawa na aliyepata jibu, maana akiadhibiwa kwa pengo atalijaza kwa uongo.

Adabu itangulie yote. Mwalimu aende kwanza peke yake kuomba ruhusa. Wanafunzi waamkie, wakae, wasikilize bila kukatiza. Sauti isirekodiwe kabla mwenyewe hajakubali. Ngoma hizi zina uhusiano na uganga, na mzee akisema wimbo fulani si wa watoto, neno lake liheshimiwe.

Mwishoni wanafunzi waandike ukurasa mmoja, wausome mbele ya wazee hao hao ili wasahihishwe, na nakala ibaki shuleni. Tunawashauri walimu wanafunzi walijaribu somo hili katika mazoezi ya kufundisha, wakianza na mzee aliye mkongwe kuliko wote kijijini.