Fedha za Wazee: Tazama Kitambulisho Kwanza

Ndugu mkulima, pengine baba yako alipata kiwanja katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962. Siku zile alikuwa kijana. Sasa amepita miaka 80, na jembe limemshinda.

Yafaa ujue habari za Inua Jamii. Serikali hutoa shilingi 2,000 za kila mwezi kwa wazee, kwa nyumba zinazolea yatima, na kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Msaada wa yatima ulianza 2004, wa wazee 2007. Mwaka 2018 ulifikishwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa, ila wenye pensheni. Hakuna aliyeulizwa ana ekari ngapi, basi usikae nyumbani ukisema, “Mwenye shamba hapewi.”

Shida kubwa ni kitambulisho. Wazee wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa, karani akakisia mwaka. (Sisi makarani hukosea.) Mzee aliyepunguziwa miaka 6, akifika 75, kwenye karatasi ni 69 tu, naye huachwa nje. Omba kosa lisahihishwe mapema, maana uandikishaji hufanywa kwa vipindi.

Tena vidole vilivyosuguliwa na jembe mara nyingine havisomeki kwenye mashine. Kwa hiyo mzee aandikishwe pamoja na mlezi anayemwamini, awezaye kumpokelea. Muulize naibu wa chifu siku ya kuandikisha, mwende na vitambulisho vyote viwili.