Rufaa dhidi ya Hatia na Adhabu katika Mashauri ya Shambulio la Kudhuru Mwili Tanzania Bara

1.0 Utangulizi

Mtu aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwa shambulio la kudhuru mwili, chini ya kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, anaweza kufungwa hadi miaka 5. Shambulio la kawaida, chini ya kifungu cha 240, adhabu yake haizidi mwaka 1. Kinachotenganisha makosa haya ni madhara ya mwili. Kwa hiyo ushahidi wa jeraha huwa kiini cha rufaa nyingi.

2.0 Haki ya Rufaa na Muda Wake

Kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Toleo la 2022) kinamtaka mrufani atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha awasilishe sababu za rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu hauhesabiwi katika siku hizo 45. Aliyechelewa hana budi kuomba nyongeza ya muda kwa sababu za msingi. Mfungwa hupitisha nyaraka zake kwa mkuu wa gereza. Aliyekiri kosa, kwa kawaida, hupinga ukubwa au uhalali wa adhabu pekee, isipokuwa ukiri wenyewe uwe na kasoro.

3.0 Kupinga Hatia

Tangu shauri la Okeno dhidi ya Jamhuri (1972), rufaa ya kwanza huchukuliwa kuwa usikilizwaji mpya wa ushahidi uliomo katika kumbukumbu. Mahakama Kuu huupima upya na kufikia hitimisho lake, ikizingatia kwamba hakimu ndiye aliyewaona mashahidi. Mfano ni fomu ya PF3. Kifungu cha 240(3) cha sheria hiyo ya mwenendo kinaitaka mahakama imweleze mshtakiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Asipoelezwa, fomu huweza kuondolewa katika kumbukumbu. Hata hivyo, hatia haianguki papo hapo: ushahidi wa mdomo ukitosha, itabaki, usipothibitisha madhara, kosa dogo huweza kuchukua nafasi yake.

4.0 Kupinga Adhabu

Adhabu ni hiari ya hakimu. Mahakama ya rufaa huiingilia pale tu inapokuwa kubwa kupita kiasi, ndogo mno, kinyume cha sheria, au imejengwa juu ya kanuni potofu. Mrufani akumbuke kwamba adhabu huweza pia kuongezwa.

5.0 Hitimisho

Kifungo cha miezi michache huweza kumalizika kabla rufaa haijasikilizwa. Kwa sababu hiyo, dhamana wakati wa kusubiri rufaa, chini ya kifungu cha 368, si jambo la pembeni. Bila dhamana hiyo, ushindi huweza kusafisha jina la mrufani, lakini hauwezi kumrudishia siku alizokaa gerezani.