Thomas Kuhn na Ufundi wa Kusoma

Wengi wetu katika masomo ya fasihi tukimtaja Thomas Kuhn (1922–1996) humtaja kwa neno moja tu: paradaimu. Makala haya yanadai kwamba analo jambo kubwa zaidi la kutufunza sisi wahakiki, nalo ni namna ya kusoma.

Mwaka 1947, akiwa bado mwanafunzi wa fizikia huko Harvard, Kuhn alitakiwa kuandaa mifano ya historia ya sayansi kwa ajili ya wanafunzi wasiosoma sayansi. Akamfungua Aristotle. Aliyoyakuta kuhusu mwendo aliyaona upuuzi mtupu. Hebu tujiulize: mtu aliyechambua siasa na tamthilia kwa ustadi ule, iweje apumbae ghafla alipofika kwenye fizikia? Kumbe tatizo lilikuwa kwa msomaji. Kwa Aristotle, mwendo ni mabadiliko ya kila aina: jiwe kuanguka, mbegu kuwa mti, mgonjwa kupona. Ukimsoma kwa msamiati wa Newton, lazima umwone mjinga.

Basi Kuhn akawa anawaambia wanafunzi wake kwamba wakikuta upuuzi katika maandishi ya mtu mwenye akili, wasiuruke. Waanzie hapo hapo.

Njia hiyo hiyo aliitumia katika kitabu chake cha 1978 kuhusu Max Planck. Vitabu vya kiada husema Planck aligundua kwanta mwaka 1900. Kuhn alirudi kwenye matini zenyewe, akadai kuwa Planck aligawa nishati vipande vipande ili apate kuhesabu tu. Wazo kwamba nishati yenyewe hupatikana kwa vipande, alisema, lilikuja na Einstein na Ehrenfest, kuanzia 1905 na 1906. Wapo wanahistoria waliompinga vikali. Wengine walishangaa, eti mbona humo hamna paradaimu!

Sasa tuje kwetu. Mara ngapi tumempima mtunzi wa tenzi wa karne ya 18 kwa msamiati wa matabaka, tukaona “amepotoka”, tukafunga kitabu? Kumwelewa si kumkubali. Kuhn mwenyewe hakugeuka kuiamini fizikia ya Aristotle. Lakini kwanza tujue maneno ya mtunzi yalikuwa na maana gani kwake na kwa wasikilizaji wake, ndipo tumhukumu. Wenzangu mnasemaje?